Joto la Sayari Halipimwi kwa Umbali wa Jua

Mwezi na Dunia viko umbali uleule kutoka kwenye Jua. Kilomita 384,400 zinazovitenganisha hazifiki hata theluthi moja ya asilimia ya kilomita milioni 149.6 zilizopo kati yetu na Jua. Hata hivyo, mchana kwenye ikweta ya Mwezi ardhi hupanda hadi kama nyuzi 120 za Selsiasi, na usiku ikashuka hadi −130. Ndani ya baadhi ya kasoko za ncha zake, ambamo miale ya Jua haiingii kabisa, chombo cha Lunar Reconnaissance Orbiter kilipima mwaka 2009 halijoto iliyo chini ya nyuzi −240. Kwa wastani uso wa Pluto, ulio mbali na Jua karibu mara 40 kuliko Mwezi, una joto zaidi ya hapo.

Mambo ya aina hii kwa kawaida huwekwa kwenye orodha za maajabu: je, wajua hiki, je, wajua kile. Msomaji anashangaa, anamtumia mwenzake, anasahau. Tatizo si kwamba orodha hizo ni za uongo, ila zinaliacha pale pale kosa lililozaa mshangao. Kichwani mwa wengi wetu Jua ni jiko na sayari ni watu waliolizunguka: aliye karibu anaungua, aliye mbali anatetemeka. Picha hiyo inajibu swali moja tu, la mwanga kiasi gani unafika. Haisemi lolote kuhusu mwanga huo unafanywa nini ukishafika, wala kama sayari ina moto wake yenyewe.

Kuijaribu picha hiyo si kazi ngumu, kikokotoo cha simu kinatosha. Chukua umbali wa sayari kutoka kwenye Jua ukiuhesabu umbali wa Dunia kuwa 1, kisha tafuta kipeuo chake cha pili. Gawanya 278 kwa jibu ulilopata. Halafu chukua sehemu ya mwanga ambayo sayari inaimeza. Kama inarudisha angani asilimia 30, inameza 0.7. Bonyeza kitufe cha kipeuo cha pili mara mbili mfululizo, zidisha na jibu la mwanzo, kisha toa 273. Utapata nyuzi za Selsiasi. Hiyo 278 ni halijoto, kwa kelvini (nyuzi zinazohesabiwa kuanzia −273 ya Selsiasi), ya tufe jeusi lisilo na hewa lililowekwa umbali wa Dunia na kusambaza joto lake sawasawa pande zote. Kipeuo cha pili kinaingia kwa sababu mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, ilhali joto linalotolewa na kitu hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto yake. Ndiyo maana umbali una makali madogo kuliko tunavyodhani: ukiisogeza sayari mbali mara mbili, mwanga unabaki robo, lakini halijoto kwa kelvini inapungua kwa asilimia 29 tu.

Anza na Mirihi. Umbali wake ni 1.52, na inameza robo tatu ya mwanga. Hesabu inatoa kama −63, na wastani wa kweli uko hapo hapo. Sasa Dunia: hesabu inatoa kama −19, lakini wastani wa kweli ni 15. Tumekosea kwa zaidi ya nyuzi 30, na hizo ndizo bahari isiyoganda. Zuhura ndiyo inayoaibisha kabisa. Iko umbali wa 0.72 na inapokea karibu mara mbili ya mwanga wetu, lakini mawingu yake ya asidi ya salfa yanarudisha angani kama asilimia 76 ya mwanga huo. Piga hesabu: −44. Yaani kwa mwanga inaoumeza peke yake, Zuhura ingekuwa na baridi kuliko Dunia. Kipimo cha kweli kwenye uso wake ni nyuzi 465, joto ambalo risasi huyeyuka bila shida, kwani inahitaji 327 tu.

Hizo nyuzi 500 na ushei zinatoka kwenye hewa. Angahewa ya Zuhura ni kaboni dioksidi kwa asilimia 96, na shinikizo lake ardhini ni kama mara 92 ya letu. Mwanga kidogo unaopenya mawingu hadi chini unaipasha ardhi moto, ardhi inalitoa joto hilo kama mnururisho wa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na mnururisho huo unakwama. Unamezwa na kutolewa tena mara nyingi kabla ya kufika kimo ambako hewa ni nyembamba kiasi cha kuuachia. Kwa hiyo Zuhura ikitazamwa kutoka nje inatoa joto sawa na kitu cha nyuzi −44, kama hesabu ilivyosema, ila joto hilo linatoka kileleni mwa mawingu. Hesabu haikukosea, ilipima paa, nasi tulikuwa tunauliza habari za sakafu.

Kuna maelezo ya mkato yanayopendwa sana, kwamba Zuhura ina joto kwa sababu hewa yake imebanwa. Hayatoshi. Pampu ya baiskeli hupata moto wakati wa kusukuma. Ikiwekwa kando inapoa, ingawa tairi bado limejaa. Kubana kunapandisha joto mara moja tu, na kinacholidumisha kwa mamilioni ya miaka ni nishati inayoingia na njia finyu ya kutokea. Kilichopo ni kwamba hewa nzito inakiweka mbali na ardhi kile kimo cha kuachia joto, na hewa inayoshuka kutoka huko inabanwa na kupata joto njiani. Vyote viwili vinahitajika pamoja.

Vyombo vilivyotua huko vinaeleza mambo kwa ukatili zaidi. Venera 7 ya Muungano wa Kisovyeti ilikuwa ya kwanza kutuma ishara kutoka kwenye uso wa Zuhura, Desemba 1970. Venera 13, iliyotua Machi 1982, iliundwa kudumu dakika 32, ikadumu 127. Bado hiyo ndiyo rekodi. Lakini miaka mitatu baadaye, mwaka 1985, misheni za Vega ziliachia maputo mawili kwenye angahewa hiyohiyo, kwenye kimo cha kama kilomita 54, nayo yakaelea na kutuma taarifa kwa karibu siku mbili. Kwenye kimo hicho shinikizo ni kama nusu ya letu na halijoto ni ya siku ya kawaida ya joto. Sayari moja, umbali mmoja kutoka kwenye Jua, na tofauti ya tanuri na kivuli ni kilomita hamsini na kitu za hewa.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba basi yote ni kaboni dioksidi. Mirihi inakataa. Angahewa yake ni kaboni dioksidi kwa asilimia 95, na ukipima gesi hiyo juu ya kila mita ya mraba ya ardhi, Mirihi inayo zaidi ya mara 20 ya tuliyonayo duniani. Na bado inapata nyuzi chache tu za ziada. Sababu ni mbili. Hewa yake yote ina shinikizo lisilofika asilimia moja ya letu, na kwenye shinikizo dogo hivyo molekuli za kaboni dioksidi humeza mistari myembamba sana ya infraredi. Kati ya mstari na mstari joto linapita kama maji kwenye chujio. Pia haina mvuke wa maji wa maana, ambao duniani ndio hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Anayetaka kutumia Mirihi au Zuhura kama rungu kwenye mabishano ya tabianchi, upande wowote aliko, aanze na hapo.

Utaridi, ambayo vitabu vya shule vingi huiita Zebaki, ina kioja cha aina nyingine. Hesabu inaipa kama nyuzi 166, na wastani huo si uongo, ila hauna faida yoyote. Mchana ni 430, usiku ni −180. Haina hewa ya kuhamisha joto, na inajizungusha polepole mno. Tangu Jua lichomoze hadi lichomoze tena pale pale ni siku 176 za Dunia, ambazo ni miaka miwili kamili ya Utaridi. Mhimili wake umesimama wima karibu kabisa, hivyo zipo kasoko kwenye ncha zake ambazo sakafu zake hazijawahi kuonja miale. Mwaka 1991 rada kutoka duniani zilirudishiwa mwangwi mkali kutoka huko, wa aina inayotolewa na barafu, na mwaka 2012 chombo cha MESSENGER kikathibitisha: ni barafu ya maji. Barafu hiyo iko kwenye sayari iliyo jirani kabisa na Jua, na imekaa humo bila wasiwasi.

Hata sisi wenyewe tunaishi na ushahidi huu kila mwaka. Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147.1, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152.1. Mwanga wa Januari unauzidi wa Julai kwa kama asilimia 7. Misimu haijali, kwa kuwa inaongozwa na mhimili ulioinama nyuzi 23.4. Ajabu zaidi, ukichukua wastani wa Dunia nzima, Julai ndiyo yenye joto kubwa, kwa sababu kizio cha kaskazini kina nchi kavu nyingi na nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari. Tuko mbali zaidi, na ndipo tunapata joto zaidi.

Umbali wenyewe pia tunaubeba vibaya. Mchoro wa ukutani unapanga sayari kama shanga kwenye uzi. Chukua tufe la sentimita 14 liwe Jua. Kwa kipimo hicho Dunia ni punje ya milimita 1.3 iliyo umbali wa mita 15, Mshtarii ni gololi ya sentimita 1.4 kwenye mita 78, na Neptuni ni punje ya milimita 5 kwenye mita 450. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua ingekuwa kilomita 4,000 hivi. Na kwa kuwa kila sayari inazunguka kwa mwendo wake, jirani yetu wa kawaida si Zuhura. Zuhura hutukaribia kuliko yeyote, kisha huenda upande wa pili wa Jua na kukaa huko. Kwa wastani wa muda, Utaridi ndiyo iliyo karibu zaidi na Dunia. Na kwa hesabu hiyohiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na kila sayari nyingine, Neptuni ikiwemo.

Nikiwa hapo, lile dai linalozunguka sana kwamba sayari nyingine zote saba zinaenea kwenye nafasi kati ya Dunia na Mwezi linahitaji kushikwa mkono. Ukijumlisha vipenyo vya wastani unapata kama kilomita 380,000, pungufu kidogo ya 384,400. Lakini 384,400 inapimwa kutoka kitovu hadi kitovu. Uwazi kutoka uso hadi uso ni kama 376,300. Haziingii. Zinaingia pale tu Mwezi unapokuwa sehemu ya mbali ya njia yake, kwenye kilomita 405,000 hivi.

Turudi kwenye kikokotoo, maana huko mbali ndiko kunakonoga. Uranusi iko umbali wa 19.2 na inameza kama 0.7 ya mwanga. Hesabu: −215. Kipimo cha joto inalotoa: kama −214. Safi kabisa. Neptuni iko umbali wa 30, na inapata mwanga wa kama sehemu moja ya 900 ya wetu. Hesabu: −226. Kipimo: −214. Sayari mbili, moja ikiwa mbali kuliko nyingine kwa zaidi ya mara moja na nusu, na joto zinalotoa linalingana.

Nyuzi 12 zinaonekana kitu kidogo, lakini kwa kuwa nishati hukua kwa kipeo cha nne, maana yake Neptuni inatoa kama mara 2.6 ya nishati inayopokea. Inaendelea kupoa tangu ilipoundwa, na joto hilo la ndani linasukuma pepo zinazofika kilomita 2,000 kwa saa. Mshtarii na Zohali pia hutoa zaidi ya wanachopokea. Uranusi ndiyo inayohitaji kuelezewa: mbona imezima? Wapo wanaoihusisha na mgongano mkubwa, uleule unaodhaniwa kuulaza mhimili wake nyuzi 98 hadi kila ncha inapata miaka 42 ya mwanga na 42 ya giza. Wengine wanasema kuna tabaka ndani yake linalozuia joto kupanda. Chombo kimoja tu kimewahi kupita karibu nayo, Voyager 2, Januari 1986, na ni vigumu kumaliza ubishi kwa ziara moja.

Joto lisilotoka kwenye Jua halikuishia kwenye sayari kubwa. Io, mwezi wa Mshtarii, una uso wa wastani wa chini ya nyuzi −130, na ndio wenye volkeno hai nyingi kuliko mahali popote panapojulikana kwenye mfumo wa Jua, zaidi ya 400. Io humaliza mzunguko mmoja kwa saa 42.5. Kila inapozunguka mara nne, mwezi wa Europa umezunguka mara mbili na Ganymede mara moja, hivyo inavutwa kwa mpangilio uleule bila kukoma na njia yake haipati nafasi ya kuwa duara kamili. Ikikaribia Mshtarii inavutwa zaidi, ikienda mbali inaachiwa, na ardhi yake inapanda na kushuka kwa hadi mita 100. Kunja na kunjua waya mara nyingi uone pale penye mkunjo panavyopata moto. Io inakunjwa hivyo mfululizo. Mwanasayansi Stanton Peale na wenzake wawili waliipiga hesabu hiyo na kuichapisha tarehe 2 Machi 1979, wakitabiri kwamba Io huenda imeyeyuka ndani. Siku tatu baadaye Voyager 1 ilipita hapo, na tarehe 9 Linda Morabito, mhandisi wa misheni hiyo, aliona kwenye picha moja wingu la mlipuko likiwa limetokeza ukingoni. Si mara nyingi utabiri unalipwa haraka hivyo.

Nguvu hiyohiyo, kwa kiasi kidogo, inaiweka bahari chini ya barafu ya Europa. Inafanya hivyo pia kwenye Enceladus, mwezi wa Zohali wenye upana wa kilomita 500 tu na uso wa nyuzi −200, ambako chombo cha Cassini kiligundua mwaka 2005 maji yakifoka angani kupitia nyufa za kusini.

Na Jua lenyewe, ambalo ndilo jiko la mfano wetu? Halifuati mfano. Kitovu chake kina nyuzi milioni 15, uso unaoonekana una 5,500. Ukiondoka usoni kwenda nje ungetarajia ipoe zaidi, lakini korona, lile taji jeupe linaloonekana Jua linapopatwa lote, lina nyuzi zaidi ya milioni moja. Wanasayansi wanakubaliana kwamba usumaku wa Jua ndio unaobeba nishati hiyo juu. Wanachobishania ni kama inaachiliwa zaidi kwa mawimbi au kwa milipuko midogo midogo isiyohesabika. Chombo cha Parker Solar Probe kilipita ndani ya korona tarehe 24 Desemba 2024, kilomita milioni 6.1 kutoka usoni, na ngao yake ya kaboni yenye unene wa sentimita 11.4 imebuniwa kwa nyuzi kama 1,400, si milioni. Korona ni nyembamba mno: kila chembe ina kasi kubwa, lakini chembe ni chache. Mkono unaweza kuingia kwenye hewa ya oveni ya nyuzi 200 kwa sekunde kadhaa. Kwenye maji ya nyuzi 100 hauwezi.

Hata ukali wa moto wa Jua tunautia chumvi. Gawanya nguvu yake yote kwa uzito wake: kila kilo inatoa chini ya sehemu moja ya elfu ya wati. Mwili wa mtu aliyepumzika hutoa zaidi ya wati moja kwa kila kilo. Kilo kwa kilo, msomaji anayekaa kitini analishinda Jua kwa maelfu ya mara. Jua linashinda kwa ukubwa. Lina asilimia 99.8 ya maada yote ya mfumo huu, na muunganiko wa hidrojeni ndani yake ni wa polepole kiasi kwamba kuni zake zinatosha kwa miaka bilioni 10.

Kwa sababu hizi, ninaona neno "ukanda unaokalika", linalotajwa kila inapogunduliwa sayari ya nyota nyingine, limepewa uzito usiolistahili. Ukanda huo, eneo ambako maji yanatarajiwa yasigande wala yasichemke, huchorwa kwa umbali. Mwezi wetu uko ndani ya ukanda wa Jua na ni mfu. Europa na Enceladus ziko mbali nje yake na zina bahari. Taarifa ikisema sayari fulani ina nyuzi 20, mara nyingi ni jibu la kikokotoo kilekile cha hapo juu, kwa makadirio ya mwanga unaorudishwa, bila habari yoyote ya hewa. Kwa hesabu hiyo Zuhura ingetangazwa kuwa na barafu.

Halijoto iliyopimwa ni kitu kingine kabisa. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilipima joto la TRAPPIST-1 b, moja ya sayari saba za nyota iitwayo TRAPPIST-1, kwa kulinganisha mwanga wa infraredi kabla na wakati sayari ilipojificha nyuma ya nyota yake. Kama ingekuwa na hewa ya kusambaza joto pande zote, ilitarajiwa upande wake wa mchana uwe na nyuzi kama 127. Kama ni mwamba mtupu, joto lote lingebaki upande unaoitazama nyota, kama 235. Kipimo kilisoma kama 230.